Tunamchagua Diwani, Tunampa Nini?

Siku ya uchaguzi mkuu mpiga kura wa Gendabi, kata iliyo chini ya Mlima Hanang mkoani Manyara, hupewa karatasi tatu: ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani. Karatasi ya kumchagua atakayeongoza halmashauri yake haipo. Mwenyekiti wa Halmashauri ya Wilaya ya Hanang huchaguliwa na madiwani wenyewe kule Katesh, makao makuu ya wilaya, wananchi wakiwa wamesharudi mashambani na kwenye malisho. Mijini nako ni vivyo hivyo. Mkazi wa Arusha, Mwanza au Dar es Salaam hampigii kura meya wake. Humpigia diwani wa kata yake, kisha madiwani, pamoja na wabunge wanaohesabiwa kuwa wajumbe wa baraza, humtafuta meya miongoni mwa madiwani hao.

Utaratibu huu una gharama yake, na mikoa ya kaskazini inaikumbuka. Baada ya uchaguzi wa 2010, baraza la Arusha lilimpata meya Desemba ya mwaka huo katika kikao ambacho Chadema walikikataa. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba mbunge wa viti maalum kutoka Tanga alihesabiwa kuwa mjumbe wa baraza la Arusha. Tarehe 5 Januari 2011 wafuasi wa chama hicho waliandamana, viongozi wao wakakamatwa, polisi wakatumia risasi, na watu wasiopungua watatu wakapoteza maisha. Mauti hayo yalitokana na swali ambalo sheria ingeweza kulijibu kwa sentensi moja: nani ana haki ya kuingia ukumbini na kupiga kura? Miaka mitano baadaye swali lilelile liliibuka Dar es Salaam. Uchaguzi wa meya wa jiji ukaahirishwa mara kadhaa mapema mwaka 2016, hadi Machi Isaya Mwita wa Chadema alipochaguliwa. Januari 2020 aling'olewa kwa kura ya kutokuwa na imani naye. Februari 2021 Rais John Magufuli alilivunja baraza lenyewe la jiji, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam. Mwananchi wa Kariakoo au Mbagala hakuulizwa neno katika hatua yoyote ya safari hiyo.

Kwa hiyo karatasi ile ya tatu, ya diwani, imebeba mzigo mkubwa kuliko inavyoonekana. Ndiyo njia pekee ya mtu wa Gendabi kumfikia mwenyekiti wa halmashauri, kamati zake, bajeti yake na sheria zake ndogo. Ikidhoofika karatasi hiyo, hana nyingine ya kushika. Nami nasema imedhoofika, na imedhoofishwa kutoka pande mbili: upande wa nani anaruhusiwa kuonekana juu yake, na upande wa kazi anayoachiwa mshindi.

Tuanze na majina. Kwa sheria yetu mgombea udiwani lazima adhaminiwe na chama cha siasa. Mwalimu mstaafu anayeheshimiwa na kata nzima, au mama aliyeongoza kikundi cha kuweka na kukopa kwa miaka bila senti kupotea, hawezi kusimama kwa jina lake peke yake. Mchungaji Christopher Mtikila alipigana na kizuizi hiki tangu miaka ya 1990. Mahakama Kuu ilimpa haki, Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikasema suala hilo ni la kisiasa na la kuamuliwa na Bunge. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, ikatamka kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki ya raia. Mtikila alifariki Oktoba 2015. Mgombea binafsi bado haruhusiwi.

Basi mlango ni chama, na Hanang kwa miaka yote hiyo mlango mpana umekuwa CCM. Hapo uchaguzi halisi hufanyika katika kura za maoni, wanakopiga kura wanachama wenye sifa walizowekewa na chama. Mwaka 2025 kura hizo za ubunge na udiwani zilipigwa tarehe 4 Agosti, na chama kilikuwa kimepanua idadi ya wajumbe ili isiwe rahisi kwa mwenye fedha kuwanunua wachache. Hatua hiyo nzuri yenyewe ni ushahidi wa ugonjwa uliokusudiwa kutibiwa. Wilaya ya Hanang inaufahamu ugonjwa huo kwa karibu: mwaka 2012 Frederick Sumaye, aliyekuwa mbunge wa wilaya hiyo kwa miaka mingi na Waziri Mkuu kwa miaka 10, alishindwa na Mary Nagu katika kinyang'anyiro cha ndani ya chama cha ujumbe wa Halmashauri Kuu ya Taifa, naye akalalamika hadharani juu ya fedha katika chaguzi za chama. Sina njia ya kupima ukweli wa lalamiko lile. Lakini ikiwa aliyewahi kuwa Waziri Mkuu anaondoka ukumbini akinung'unika hivyo, mkulima wa mbaazi anayetaka kuchukua fomu ya udiwani ategemee nini?

Nchi hii iliwahi hata kuipa fedha hiyo jina la halali. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema. Aprili 2006 Mahakama Kuu iliifuta ruhusa hiyo, kwa kesi iliyofunguliwa na mashirika ya haki za binadamu na ya mazingira, kwa kuwa ilimpa mwenye nacho nafasi asiyokuwa nayo maskini. Dhamana ya mgombea udiwani ilipangwa kuwa Sh5,000, kiasi ambacho karibu kila mtu angeweza kukipata. Gharama kubwa iko kwingine: nauli za wajumbe, chakula cha vikao, mafuta ya pikipiki, na matumaini ya watu wanaomwona mgombea kama mtu aliyekuja kugawa. Anayetumia akiba ya mifugo yake kupata udiwani ataanza muhula akiwa na deni, na deni hulipwa kwa kitu alichonacho mdaiwa. Alichonacho diwani ni sauti katika baraza.

Kisha kuna wale wanaoufikia mlango na kukuta umefungwa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, mara nyingi kwa kasoro ndogo za ujazaji wa fomu, Chadema na vyama vingine vikajitoa, na wagombea wa CCM wakapita bila kupingwa katika maelfu ya vijiji. Mwaka 2024, tarehe 27 Novemba, mgombea aliyebaki peke yake alipigiwa kura ya ndiyo au hapana. Hayo yalikuwa maendeleo, kwa sababu angalau mwananchi aliitwa kituoni. Matokeo yaliyotangazwa yaliipa CCM zaidi ya asilimia 98 ya vijiji, vitongoji na mitaa. Aprili 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Chadema, ambacho hakikusaini kanuni za maadili, hakitashiriki uchaguzi wa Oktoba 29. Tarehe hiyo ikafika, na badala ya kukumbukwa kwa foleni za wapiga kura, inakumbukwa kwa damu iliyomwagika katika miji kadhaa.

Wapo watakaosema kwamba Gendabi ni mbali na hayo yote, na kwamba kijijini watu humchagua mtu, hawachagui chama. Ni kweli kwa sehemu. Katika kata ya vijiji vichache kila mtu anajua nani alisimamia ujenzi wa darasa na nani alikula michango. Mwairaqw na Mbarabaig wa Hanang hawajafundishwa na tume yoyote namna ya kumpima kiongozi. Wadatooga, ambao Wabarabaig ni sehemu yao, wana mabaraza yao ya jadi, girgwageda, na miongoni mwake lipo baraza la wanawake lenye uwezo wa kumwita mwanamume aliyemkosea mwanamke, kumhukumu na kumtoza faini ya ng'ombe. Hapo mtu husikilizwa hadharani, na hukumu hutolewa na waliomsikiliza. Watu wenye mazoea hayo wanastahili uchaguzi wenye ushindani wa kweli. Kuwapelekea jina moja lililokwisha kupikwa ni kuwapunja.

Upande wa pili wa udhaifu huzungumzwa kidogo sana kwenye majukwaa, nao ndio unaonisumbua zaidi. Mgombea udiwani husimama na kuahidi barabara, maji, umeme na mazao kupata bei. Wananchi hupiga makofi. Miaka mitano baadaye barabara ni ileile, na wote wawili, aliyeahidi na aliyeahidiwa, huona aibu au hasira. Lakini barabara hizo si za halmashauri. Mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini zilihamishiwa TARURA, wakala wa serikali kuu. Maji ya vijijini yalihamia RUWASA kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Umeme ni wa TANESCO na REA. Msitu ulio juu ya mlima unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Mkurugenzi anayetekeleza maazimio ya baraza huteuliwa na Rais, na baraza halina uwezo wa kumfukuza. Mkurugenzi huyohuyo ndiye aliyekuwa akisimamia uchaguzi kwa miaka mingi. Mwezi Mei 2019 Mahakama Kuu, katika kesi ya Bob Chacha Wangwe, ilisema jambo hilo linakwenda kinyume cha Katiba, na Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo.

Historia imewahi kutuonyesha mwisho wa njia hii. Mwaka 1972 serikali ilizifuta halmashauri zilizochaguliwa na kuweka mpango wa madaraka mikoani, ambapo watumishi kutoka serikali kuu walipanga maendeleo ya wilaya. Zahanati, visima na barabara za vijijini viliporomoka kwa kukosa mwenyewe, na mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria za kuzirudisha halmashauri, nazo zikaanza tena kazi mwaka 1984. Katiba ikaandikwa, katika ibara ya 145 na 146, kwamba madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Ibara hizo bado zipo. Hazijafutwa na mtu. Kilichotokea ni kwamba kazi zimeondolewa moja baada ya nyingine, kila moja kwa sababu inayoonekana nzuri: wahandisi wachache wakusanywe pamoja, fedha zidhibitiwe, ufisadi wa halmashauri upungue. Hata mapato yamepunguzwa. Kodi ya maendeleo iliyotozwa kwa kichwa ilifutwa mwaka 2003, na wananchi walikuwa na haki ya kushangilia. Ushuru wa mazao, uti wa mgongo wa halmashauri za wakulima kama Hanang, ulishushwa mwaka 2017 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Mwaka huohuo India iliwekea mipaka uagizaji wa mbaazi, na bei ikaanguka kiasi kwamba wakulima wengine waliacha zao shambani. Halmashauri ikapoteza kotekote.

Je, amebaki na nini diwani wa Gendabi? Amebaki na zaidi ya anachokisema kwenye kampeni. Yeye ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambamo wenyeviti wa vijiji ni wajumbe na mtendaji wa kata ni katibu. Hupiga kura juu ya bajeti, huhoji taarifa za mapato na matumizi, hupitisha sheria ndogo. Huweza kudai hoja za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zijibiwe mbele ya baraza. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya fedha nyingi kutorejeshwa na vikundi hewa kugundulika, ikarudishwa mwaka 2024. Nani anajua kama kikundi fulani kipo au hakipo kuliko diwani wa kata hiyo? Kazi hizi hazina jiwe la msingi wala utepe wa kukata. Ni kazi za kusoma makabrasha usiku na kuuliza maswali yasiyopendwa asubuhi. Mgombea asiyezitaja jukwaani, ama hazijui au hana nia ya kuzifanya.

Na Gendabi ina sababu ya pekee ya kuzitaka. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka na tope, mawe na magogo yakateremka hadi Katesh na vijiji vilivyo chini ya mlima. Watu zaidi ya 80 walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan alikatisha safari yake ya mkutano wa tabianchi Dubai akaenda Hanang. Wataalamu walieleza kwamba volkano haikuhusika: miamba dhaifu ya mlima ilinyonya maji mengi, ikazidiwa na uzito na kukatika. Serikali na wahisani walijenga nyumba za waathirika Waret, eneo la Gidagamowd, mbali na njia ya tope. Hiyo ilikuwa kazi kubwa na ya kushukuriwa.

Mlima huo, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, haujahama, na mvua zitakuja. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa hadi ngazi ya kata na kijiji. Mipango ya matumizi ya ardhi ya kijiji huamua wapi pajengwe na wapi paachwe wazi kando ya makorongo, na mipango hiyo haipiti bila halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Hakuna wakala wa Dodoma atakayejua mapema kuliko mchungaji wa Gendabi kwamba korongo limeanza kubadilisha mkondo. Lakini taarifa ya mchungaji huyo ina njia moja ya kisheria ya kupanda: kijiji, kata, baraza. Diwani akiwa mtu wa kuzima simu, njia imekatika, na safari hii gharama yake inaweza kuwa maisha ya watu.

Waret na Gidagamowd ni majina yenye kumbukumbu nyingine. Yalikuwa pia majina ya mashamba katika mradi mkubwa wa ngano wa NAFCO, shirika la umma la kilimo, uliosaidiwa na Canada kuanzia miaka ya 1970, uliochukua ardhi ya malisho ya Wabarabaig katika nyanda za Basotu. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikakipa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikageuza hukumu, pamoja na mambo mengine kwa sababu halmashauri ya kijiji haikuthibitisha kwamba iligawiwa ardhi ile na mamlaka iliyohusika, na wanakijiji waliodai kwa mila hawakuthibitisha kwa ushahidi uliotakiwa kwamba wao ni wenyeji. Watu waliozika wazee wao kwenye ardhi ile walishindwa kwa kukosa karatasi. Naona hukumu ile ilikuwa ya dhuluma. Hata hivyo Hanang nzima ina haki ya kujifunza kutoka kwake kwamba muhtasari wa kikao, ramani iliyosainiwa na azimio lililorekodiwa si mambo madogo. Mwenye wajibu wa kuhakikisha vipo katika kila kijiji cha kata ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, naye ni diwani.

Wengine hupendekeza tiba moja kwa matatizo yote haya: wananchi wamchague meya au mwenyekiti wa halmashauri moja kwa moja. Naunga mkono, kwa sababu ingemaliza ugomvi wa nani aingie ukumbini na ingemfanya kiongozi huyo awajibike kwa wilaya nzima. Ila tuitazame Kampala kabla ya kufurahi. Erias Lukwago alichaguliwa na wakazi wa jiji mwaka 2011 kuwa Meya Mkuu, huku sheria ya 2010 ikiwa imempa mamlaka ya utendaji mkurugenzi aliyeteuliwa na Rais, Jennifer Musisi. Miaka yake ya mwanzo ikaishia katika mvutano, na Novemba 2013 baraza likapiga kura ya kumwondoa. Kura ya moja kwa moja bila madaraka na fedha huzaa kiongozi anayependwa asiyeweza kufanya kitu. Marekebisho yanayohitajika Tanzania ni mafungu mawili kwa pamoja: mgombea binafsi na ushindani wa haki kwenye karatasi, na barabara na maji ya kijiji kurudi chini ya baraza linaloweza kuulizwa na waliolichagua. Hayo yatatoka Bungeni, na mbunge wa Hanang, ambaye naye ni mjumbe wa baraza lile la Katesh, ana wajibu wa kuyasema.

Wakati hayo yakisubiriwa, mpiga kura wa Gendabi asingoje kampeni za 2030. Baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka na vikao vyake vya kawaida viko wazi kwa wananchi. Mkutano mkuu wa kijiji nao unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Nendeni mkakae nyuma ya ukumbi. Mwulizeni diwani ni lini Kamati ya Maendeleo ya Kata ilikutana mara ya mwisho, kamati ya maafa ina wajumbe gani, ramani ya makorongo iko ofisi ipi, na kikundi gani kilipata mkopo. Asiyeweza kujibu maswali hayo manne asipewe kura tena, hata akija na sukari.